Mapacha wa Sahare na namba iliyoishia sifuri saba

Faili lilirudi Jumatano saa tatu asubuhi, na chini yake ujumbe wa maneno machache: mstari wa 11 na wa 12 ni mtu mmoja, na namba nyingi za vitambulisho hazisomeki, rekebisheni mtume upya. Mwalimu aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akausoma tena.

"Mtu mmoja? Mwanangu, hawa nimewafundisha mimi darasa la pili. Huyu anaandika kwa mkono wa kushoto, mwenzie wa kulia. Mtu mmoja vipi?"

Mistari hiyo ilikuwa ya mapacha, wavuvi wa dagaa wa Sahare hapa Tanga. Majina yao hayana kazi katika kisa hiki, nitawaita Kurwa na Doto. Walizaliwa siku moja, wakaenda kujiandikisha NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, siku moja, kata moja, mmoja nyuma ya mwenzie kwenye foleni. Hilo la foleni lishikeni, tutalirudia.

Kikundi chao kina wanachama 38, nusu wavuvi, nusu akina mama wanaonunua samaki kwenye soko la Deep Sea na kukaanga jioni. Akiba yao siku hiyo ilikuwa shilingi 21,400,000. Katibu ni Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, mwandiko wake ukiuona unatamani kurudi darasani. Mimi nina kibanda cha steshenari Ngamiani: kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu za watu. Ofisi moja ilikuwa imewaomba orodha ya wanachama yenye jina, namba ya NIDA na akiba ya kila mmoja. Mwalimu aliiandika mwenyewe kwenye laptopu ya mjukuu wake, usiku tatu mfululizo, kadi moja baada ya nyingine. Kosa lilipotokea alikuja na flashi, na uso wa mtu aliyeambiwa kaiba.

Kwenye flashi kulikuwa na mafaili mawili: lile la Excel aliloandikia, na lile la CSV alilolitoa humo kwa sababu ofisi ilitaka CSV. Nikafungua la Excel. Kolamu ya namba za NIDA ilikuwa imejaa kitu cha namna hii:

1.98513E+19

Mistari ya Kurwa na Doto ilikuwa hivyohivyo, herufi kwa herufi.

"Hii E ndiyo iliyokula namba za watu?" Mwalimu aliuliza.

Nilimjibu haraka kwamba siyo, na baadaye nikaona jibu langu lilikuwa nusu. E haikula kitu. Lakini bila kuielewa E huwezi kujua nani aliyekula, wala alikula kiasi gani, wala kama kuna kinachoweza kutapikwa. Ndiyo sababu nakiandika kisa hiki kirefu hivi. Watu wengi wakiiona E wanadhani wamepatwa na jambo moja, kumbe yanaweza kuwa matatu yenye sura moja, na dawa zake haziingiliani.

Tuanze na E yenyewe. Ni njia ya mashine ya kusema "mara 10 kwa kipeo cha", kwa kuwa kwenye mstari mmoja wa maandishi hakuna pa kuweka tarakimu ndogo juu. 1.98513E+19 ni 1.98513 × 10¹⁹. Shuleni tuliita standadi fomu: tarakimu moja isiyo sifuri kabla ya nukta, nyingine zote baada ya nukta, kisha kipeo kinachosema nukta ilisogezwa hatua ngapi. Mwalimu hakuhitaji kufundishwa hapo. "Mbona ni zile logi," alisema. Kwenye jedwali za tarakimu nne, ukitaka logi ya 21,400,000 unaiandika kwanza 2.14 × 10⁷, unatafuta 2.14 jedwalini, unapata 0.3304, na ile 7 inakaa mbele: 7.3304. Kipeo ndicho hicho hicho, kimevaa kanzu nyingine.

Nikachukua kalamu, nikaandika akiba ya kikundi nyuma ya risiti. 21,400,000. Nukta haionekani lakini ipo, mwisho kabisa kulia. Isogeze kushoto mpaka ibaki 2 peke yake mbele yake: hatua saba. 2.14 × 10⁷. Sasa irudishe. Hatua mbili za kwanza kwenda kulia nukta inapita juu ya 1 na juu ya 4. Hatua tano zilizobaki hazina tarakimu ya kukanyaga, kwa hiyo kila hatua unaiwekea sifuri.

Mwalimu alitikisa kichwa kwamba ameelewa, nikamwomba asubiri, maana hizo sifuri tano ndizo kesi yenyewe. Kwenye akiba ya kikundi ni sifuri za kweli: pesa ile ni milioni 21 na laki nne kamili. Lakini kanuni ya kurudisha nukta haijui kama ni za kweli. Kazi yake ni kujaza. Ukiipa 2.14 × 10⁷ iliyotoka kwenye 21,400,000 itakupa 21,400,000, ukiipa 2.14 × 10⁷ iliyotoka kwenye 21,398,750 baada ya mtu kukadiria, itakupa 21,400,000 vilevile, na haitakuonya.

Basi tukairudisha ile ya mapacha. 1.98513 ina tarakimu tano baada ya nukta. Kipeo ni 19. Hatua tano zinapita juu ya 9, 8, 5, 1 na 3. Zinabaki 14, zote za kujazia: 19851300000000000000.

Hapa niseme kitu kuhusu namba ninazotumia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sitaandika namba ya mtu, kwa hiyo mapacha wangu nimewazalisha mwezi wa 13, tarehe 42, mwaka 1985. Kama kuna aliyezaliwa siku hiyo anisamehe. Kadi ya Kurwa isomeke hivi:

19851342-21101-00347-25

Na ya Doto:

19851342-21101-00348-21

Mmoja nyuma ya mwenzie kwenye foleni, 347 na 348. Tofauti yao yote imekaa mkiani.

Kwenye skrini zinaonekana tarakimu sita tu za mbele, yaani mwaka na mwezi. Mwalimu ndiye aliyeligundua hili kabla yangu, akawa anashuka na kolamu kwa kidole kama anaita rejista: "Huyu 1.97207, Julai 72. Huyu 1.99004, Aprili 90." Na hakukosea hata mmoja, kwa sababu siku haizidi 31, hivyo tarakimu inayofuata haifiki 5 na mashine haipati sababu ya kukadiria kwenda juu. Palikuwa na mmoja tu aliyemkwamisha, 1.9951E+19, tarakimu tano. Ni mtu wa Oktoba 1995: sifuri ya 10 ilikuwa mwisho, na mashine huiangusha sifuri ya mwisho iliyo baada ya nukta. Niliifurahia ile rejista ya vipeo, nikasahau kidogo kwamba tuna msiba.

Msiba tuliukuta tulipobofya seli yenyewe, kile kisanduku chenye namba. Juu ya karatasi kuna ule mstari unaoonyesha kilichomo ndani ya seli, si kinachoonekana usoni. Kwa Kurwa ulisema:

19851342211010000000

Kwa Doto:

19851342211010000000

Hesabuni. Tarakimu 15 za mwanzo ziko sawa na kadi: 198513422110100. Tano za mwisho, 34725 za Kurwa na 34821 za Doto, zimegeuka sifuri. Kwa kuwa kabla yake palikuwa na sifuri mbili halali, mkia mzima ukawa sifuri saba. Zile tano zimekwenda. Hazijafichwa mahali. Ukipanua kolamu hazirudi, ukibadilisha muundo wa seli hazirudi, ukibonyeza kutengua kesho yake hazirudi.

Mwalimu akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini 15, si 14 wala 18?

Jibu ni kwamba ndani ya kompyuta namba hiyo imeshawekwa kwa mwandiko wa kisayansi, ile standadi fomu yetu, hata kabla skrini haijaonyesha E. Ila kizio chake si 10, ni 2. Kuna kiwango kinachoitwa IEEE 754 kilichotolewa mwaka 1985, kazi ambayo profesa William Kahan wa Berkeley aliisukuma sana na ikachangia apewe Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kwa kiwango hicho namba inapewa biti 64, yaani nafasi 64 za kuandika 0 au 1: moja ya chanya au hasi, 11 za kipeo, 52 za tarakimu zenyewe, na moja ya ziada isiyoandikwa kwa kuwa inajulikana daima. Biti 53 za tarakimu zinakufikisha 9,007,199,254,740,992, yaani kama 9.007 × 10¹⁵, bila kuruka namba nzima hata moja. Ukivuka hapo, namba nyingine hazina pa kukaa na zinasukumwa kwa jirani. Kwa hiyo kila namba ya tarakimu 15 inaingia salama, za 16 nyingine zinaingia na nyingine haziingii. Excel, nayo iliyotoka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, ikaamua kuweka mpaka kwenye 15 na yanayozidi kuyafanya sifuri. (Sasa mnajua kwa nini mapacha nimewazalisha mwaka ule.)

Na hapo nitaitetea mashine kidogo. Kwa mtu anayepima vitu, tarakimu 15 ni neema kubwa. Hata ile iliyobaki na sita tu, 1.98513 × 10¹⁹, imepishana na namba ya Kurwa kwa kama 4.2 × 10¹³. Kuitamka ni trilioni 42, inatisha. Lakini ukilinganisha na namba yenyewe ni sehemu mbili hivi kwa milioni. Ukipima barabara ya Tanga hadi Dar es Salaam, kama kilomita 350, ukakosea kwa kiasi hicho, umekosea kwa sentimita sabini na kitu. Hakuna mkandarasi atakayegombana nawe. Ukikosea kwa kiasi hicho kwenye kitambulisho umemtaja mtu mwingine, au umetaja mtu ambaye hayupo. Kadi ya Doto haimpimi Doto. Haina kubwa wala ndogo, huijumlishi na ya Kurwa ukapata mapacha. Ni jina lake limeandikwa kwa tarakimu, na hakuna anayekadiria jina. Excel haiwezi kulijua hilo. Ikiona tarakimu tupu zimefuatana inachukulia ni kipimo cha kitu.

Ushahidi ulikuwa humohumo kwenye karatasi. Mistari saba ya mwanzo haikuwa na E. Mwalimu alikuwa ameianza kazi kwa kunakili kadi kama ilivyo, na vistari vyake. Kistari kikiwa katikati, Excel haioni namba, inaona maandishi, inayaacha. Usiku wa pili mjukuu akamwambia, "Bibi, maelekezo yanasema bila vistari." Akaacha kuweka vistari kuanzia wa nane, akasahau kurudi kwa wale saba. Matokeo yake namba saba pekee zilizokuwa nzima katika orodha ya watu 38 ndizo zilizokiuka maelekezo, na nyingine 31 zilizokuwa mbovu ndizo zilizoandikwa kwa kuyafuata. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza.

Jambo la kwanza ni sura ya skrini, la pili ni ule mpaka wa tarakimu 15. Tumalize la tatu, la CSV, maana ndilo lililoleta ule ujumbe wa Jumatano. Faili la CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia unaona kila kitu. Nililifungua hivyo. Mstari wa 11 uliandikwa jina, mkato, 1.98513E+19, mkato, akiba. Wakati wa kutoa CSV, Excel huandika kile kinachoonekana usoni mwa seli, si kilichomo ndani. Kwa hiyo zile tarakimu 15 zilizosalimika kwenye faili la kwanza zilipungua tena zikawa sita. Ofisi haikupokea hata sifuri saba za kichwa cha habari hii. Ilipokea mwaka na mwezi wa kuzaliwa.

Mfano mzuri wa tofauti ya hayo matatu ulikuwa kwenye karatasi ya pili ya faili, ambako Mwalimu alihifadhi kontrol namba, ile namba ya kulipia, ya ada waliyolipa. Tarakimu 12. Tuseme ilikuwa 991347206518. Skrini ilionyesha 9.91347E+11, kwa sababu seli isiyopangiwa muundo hubadili mwandiko ikifika tarakimu 12. Sura ileile ya balaa. Lakini 12 ni pungufu ya 15, hivyo ndani ya seli zote zilikuwepo: nikabadilisha muundo kuwa namba isiyo na desimali, ikasimama nzima. Kumbe E ile ilikuwa pazia tu. Lakini ingetolewa CSV pazia likiwa chini, ingeandikwa 9.91347E+11, na atakayeifungua upya angepata 991347000000. Namba ileile iliyokuwa salama ingekuwa imepotea.

Kwenye karatasi hiyohiyo kulikuwa na ugomvi mwingine mdogo uliokuwa umekaa wiki nzima bila mtu kuujua chanzo. Mwekahazina alikuwa amegawa akiba ya kila mtu kwa akiba yote, apate sehemu ya kila mmoja. Mwenye nyingi alikuwa na 856,000, sehemu yake 0.04. Mama mmoja aliyejiunga juzi alikuwa na 1,250 tu, na sehemu yake ikaandikwa 5.84112E-05. Kolamu ilikuwa nyembamba, kwenye karatasi iliyoprintiwa mkia ulibanana na mstari, watu wakasoma 5.84. Kijana mmoja wa mtumbwi akahoji kikaoni imekuwaje mgeni awe na sehemu kubwa kuliko wote. Hapo kipeo ni hasi, nukta inakwenda kushoto hatua tano: 0.0000584112. Sifuri nne baada ya nukta, kisha 5. Kwa asilimia ni 0.00584. Anayesoma mwandiko huu aanze na mkia, 5.84 na 0.04 huwezi kuzilinganisha kabla hujaona kipeo, kama usivyoweza kulinganisha tano na arobaini kabla hujaambiwa ni za nini. Mwalimu alisema atalieleza kikaoni yeye mwenyewe. Naamini alifurahia.

Kilichobaki ni kazi ya mikono. Namba 31 hazikuwa na njia nyingine ila kadi. Na ilikuwa giza, mwezi haujaandama vizuri, wakati ambao dagaa hufuata taa na wavuvi hawaonekani nchi kavu ila wamelala. Mchana huwaamshi, usiku wako majini. Akina mama walileta kadi zao siku hiyohiyo, Mwalimu akiwapigia mmoja mmoja. Wavuvi tuliwafuata asubuhi pale Sahare mashua zinapoingia. Doto alinitolea kadi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba, imelowa pembeni, ananuka taa ya karabai na chumvi. Aliisoma tarakimu nne nne huku natype kwenye simu, Mwalimu akihesabu kwa kokoto: kila nne, kokoto moja. Kokoto tano, mtu mmoja.

Kabla ya kuingiza chochote nilifanya jambo ambalo lingetuokoa mwanzo: nilichagua kolamu nzima ikiwa tupu, nikaipangia muundo wa Text. Ndipo nikaandika. Utaratibu ni huo. Ukiandika kwanza halafu ukapanga baadaye umechelewa, unayapa maandishi jina lakini tarakimu zilishaanguka. Kama ni seli moja mbili, alama ya ' mbele ya namba inatosha, yenyewe haionekani. Dalili kwamba imekubali ni kwamba namba inaegemea kushoto mwa seli kama maneno. Ikiegemea kulia, bado inaonekana kuwa hesabu.

Kwa wale saba wenye vistari nilikaribia kuharibu. Nilitaka kutumia ile ya kutafuta na kubadilisha, nitafute kistari niweke tupu, mara moja kwa saba. Nikasita. Seli zile zilikuwa za kawaida, kistari kikishaondoka Excel ingeona tarakimu 20 tupu na kuzifanya yaleyale. Nikatumia fomula ya SUBSTITUTE kwenye kolamu ya pembeni, ambayo jibu lake hubaki maandishi, kisha fomula ya LEN kuhesabu: 20, 20, 20, mpaka chini.

Hapo ndipo E ilipotusaidia. Kipeo ukikiongezea moja unapata idadi ya tarakimu zilizo mbele ya nukta: 7 kwa akiba yetu, tarakimu nane; 19 kwa NIDA, tarakimu 20. Kwenye faili la zamani, kati ya namba 31, mbili hazikuwa na E+19. Moja ilikuwa E+20, Mwalimu alirudia tarakimu usingizi ulipomzidi. Nyingine, mstari wa 27, ilikuwa 1.97207E+18: tarakimu moja ilirukwa. Yote mawili yangetupita kama zingekuwa zimeandikwa ndefu, maana nani anahesabu tarakimu 20 kwa macho mara 31? Ule mwandiko tulioulaani asubuhi ulikuwa umehesabu wenyewe na kutuwekea jibu mkiani.

Ijumaa jioni karatasi ilikuwa karibu tayari, nikatoka kuswali magharibi. Kijana anayenisaidia kibandani akaona kila seli ina pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Ni onyo la Excel kwamba hizi ni namba zimehifadhiwa kama maandishi, na ukibofya inakupa ruhusa ya kuzigeuza ziwe namba. Kijana alikuwa na nia njema kabisa. Alichagua kolamu nzima, akageuza. Niliporudi alikuwa ananionyesha kwa fahari jinsi kijani kilivyoondoka. E+19 kutoka juu mpaka chini. Nilibonyeza kutengua huku moyo unanidunda, na kwa kuwa alikuwa hajafunga faili, zikarudi. Sikumgombeza sana. Mwaka 2004 watafiti walichapisha malalamiko ya namna hii kuhusu namba za sampuli za jeni za taasisi ya RIKEN ya Japani: baadhi ya majina ya sampuli zile yana herufi E katikati ya tarakimu, Excel ikayasoma kama vipeo. Kama wanasayansi wa jeni waliingia humo, sembuse kijana wa Ngamiani.

CSV ya mara hii niliitoa nikaifungua kwa programu ya kuandikia, si kwa Excel, nikapitisha macho kutafuta herufi E kwenye kolamu ya pili. Hakuna. Mstari wa 11 uliishia 34725, wa 12 ukaishia 34821.

Ulibaki wa 27. Mzee yule alikuwa ameondoka na kadi yake kwenda dago, kambi ya wavuvi, simu imezimwa, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mwalimu aliitazama ile 1.97207E+18 ya zamani.

"Si tuweke hii kwa muda, mwanangu, wasione tupu?"

Nikamwonyesha kipeo. Akakisoma, akahesabu vidoleni, 18 na moja, kumi na tisa. "Hata sifuri zake hazijatimia," alisema, akafuta seli mwenyewe. Faili likaenda na nafasi tupu kwenye mstari wa 27, na pembeni, kwenye kolamu ya maelezo, kwa herufi zile za ubaoni: yuko baharini.